Blanketi la viraka: Mwanafunzi wa Loliondo na inchi sita zilizopotea

Wasso. Ilipofika saa 4 usiku taa ya sola ilikuwa imeanza kufifia, na futikamba ikawa inasema kitu ambacho mwanafunzi hakutaka kukisikia. Inchi 31. Akageuza kitambaa, akapima upande wa pili. Inchi 31 tena.

Karatasi aliyopewa na mwalimu wake, iliyoandikwa kwa wino wa bluu na kukunjwa mara nne, ilisema vipande vyote 36 vikishaunganishwa vitatoa mraba wa inchi 37 kwa 37, na bitana ikishawekwa blanketi litabaki inchi 36. Inchi sita zilikuwa zimepotea kila upande, na hakuna mtu aliyeingia chumbani humo kuziiba.

Akafanya anachofanya kila mara tangu aanze kujifunza cherehani miezi minne iliyopita. Alijilaumu. Alichukua wembe, akatafuta mshono wa kwanza wa kufumua, kisha akausimamisha mkono hewani. Vitenge vile alivinunua kwa fedha ya maandazi, nusu yadi ya kila rangi, rangi tatu. Kilichokatwa kimekatwa. Na blanketi lenyewe halikuwa la mazoezi tu: mdogo wake alikuwa amejifungua siku tano kabla, wiki 33 za ujauzito, mtoto wa kike mwenye kilo 1.7.

Jumamosi, wanawake wengine 11 wa kundi lao wangeanza kukata vitambaa vyao kwa kufuata karatasi hiyo hiyo.

Kwa Watanzania wengi jina la Loliondo bado linakumbusha misururu ya magari ya mwaka 2011 kuelekea kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile na kikombe chake cha Sh500. Babu huyo alifariki dunia Julai 2021 na foleni ziliisha zamani. Wanaoishi huku wanaijua Loliondo nyingine, ya upepo na baridi. Nyanda hizi za Wilaya ya Ngorongoro ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti anayetoka Dar es Salaam akiwa na shati la mikono mifupi huomba shuka kabla hajaomba chai.

Ndiyo sababu mwalimu, fundi ambaye kwa miaka mingi ameishi kwa kushona sare za shule na suruali, alibuni blanketi la mtoto mchanga. Alitaka kitu ambacho mwanamke anaweza kukishona kwa mabaki ya vitenge, kipande cha blanketi la mtumba katikati, na kanga kuukuu kwa chini kwa sababu kanga iliyofuliwa mara nyingi ni laini kwa ngozi ya mtoto. Blanketi la viraka, la mraba, vipande sita kwa sita.

Wapo waliocheka. Viraka? Si ndiyo vazi la asiye na nguo nyingine? Mwalimu hakubishana nao sana. Aliwakumbusha kwamba kanga yenyewe, vazi ambalo kila mtu analiona la heshima, lilianza kwa kuunganisha. Katika simulizi inayokubalika zaidi, mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki walinunua leso zilizokuja zikiwa zimefuatana katika jora moja, wakazikata tatutatu, kisha wakashona mafungu mawili pamoja kupata nguo moja ya leso sita. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuichapa ikiwa nzima, lakini huko Mombasa hadi leo wengi wanaiita leso. Na ng'ambo, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake weusi wa kitongoji cha Gee's Bend walishona mablanketi ya viraka kwa nguo za kazi zilizochakaa ili watoto wasife baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika majumba makubwa ya sanaa Houston na New York.

Kwa nini akapewa asiyejua

Mwalimu alikuwa na sampuli yake, nzuri, isiyo na mkunjo. Angeweza kuigawa karatasi bila kungoja. Lakini alikuwa na kanuni moja aliyoipata kwa uzoefu wa kufundisha: karatasi ya vipimo haijaribiwi na fundi. Fundi akikuta kosa mkono wake hulirekebisha wenyewe, kichwa hakina habari. Hukata kidogo zaidi hapa, huvuta kidogo pale, na mwisho wa siku husema karatasi iko sawa. Anayetakiwa ni yule atakayefanya kilichoandikwa, neno kwa neno, kwa sababu hajui njia nyingine.

Akamchagua mwanafunzi wake wa mwisho, mama wa watoto wawili mwenye miaka 24, anayeuza chai na maandazi karibu na stendi. Huyu ndiye aliyewahi kushona mkono wa gauni ukaangalia nyuma. Hakuelewa kwamba ni heshima. Alidhani anaonewa.

Akapewa siku kumi.

Siku ya kwanza hakukata chochote. Alifua vitenge na kuvianika, kwa kuwa kitenge kipya kina wanga wa kiwandani, hunywea na huchuja rangi, na ukikishona kabla hakijafuliwa blanketi litajikunja lenyewe likiguswa na maji. Hilo karatasi ililisema. Siku ya pili alipiga pasi ya mkaa na kuchora kwa chaki. Kila kipande inchi sita kwa sita, vipande 12 kwa kila rangi. Kitenge chenye upana wa inchi 45 kinatoa vipande saba kwa mstari, kwa hiyo mistari miwili ilimtosha na baki ikapatikana.

Siku ya tatu na ya nne alishona, akafumua, akashona. Kosa lake kubwa lilikuwa upana wa mshono. Karatasi ilisema nusu inchi, naye mkono ukawa unateleza hadi nusu na kidogo. Kidogo hicho kinaonekana hakina maana. Lakini ukizidisha sehemu moja ya nane ya inchi kwa kila kipande, kila mahali vipande viwili vinapokutana unapoteza robo, na mstari wa vipande sita una maungio matano. Ni inchi moja na robo imekwenda. Mstari wake wa kwanza ulikuwa mfupi kuliko wa pili, na kona zikagoma kukutana. Akabandika kipande cha plasta ya kidonda kwenye bati la cherehani, nusu inchi kutoka kwenye sindano, ili kitambaa kipite kikiwa kimegusa ukingo wake. Ujanja huo hakufundishwa na mtu.

Baada ya plasta, mistari ikalingana. Kona zikakutana. Ndiyo maana usiku ule wa inchi 31 ulimchanganya. Mishono ilikuwa sawa, aliipima mmoja mmoja. Kama mishono ni sawa, basi kosa liko wapi?

Alichukua kalamu ya mtoto wake wa darasa la pili na kuandika nyuma ya karatasi. Kipande inchi sita. Mshono unakula nusu huku na nusu kule. Inabaki tano. Tano mara sita, 30. Jumlisha nusu mbili za kingo ambazo hazijashonwa. 31.

Ili kibaki inchi sita, kipande kilipaswa kukatwa saba.

Kumwambia mkubwa

Kugundua kosa la hesabu ni jambo moja. Kumwambia mwalimu wako, mtu mwenye umri wa mama yako, kwamba karatasi aliyoiandika kwa mkono wake ina kosa, ni jambo jingine kabisa. Anayelelewa katika nyumba ya Kimasai, au nyumba nyingi tu za Tanzania, anajua kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu, na hata faraghani hutafuta maneno.

Mwanafunzi alikuwa na njia ya kutoroka. Angeweza kuzungushia ukanda wa kitambaa pembeni, akapata inchi 36, akakabidhi kazi na kusema imeenda vizuri. Alishapima: ukanda wa inchi nne kila upande ungefikisha 37 kabla ya bitana. Mabaki yake ya kitenge yalikuwa na upana wa inchi sita. Yangetosha pande tatu. Wa nne angetafuta.

Kilichomzuia kunyamaza ni wale 11. Kila mmoja alikuwa amenunua nusu yadi tatu, na mmoja wao aliuza kuku kwa ajili hiyo.

Asubuhi alifika dukani kabla ya wateja, lakini wateja wawili walishatangulia.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Umemaliza?”

“Nimeunganisha. Nadhani nimekosea mahali. Naomba unioneshe la kwako nipime.”

Hakusema karatasi ina kosa. Aliomba kupima. Mwalimu akaleta sampuli, mwanafunzi akaweka kipande kimoja cha kwake juu ya kimoja cha mwalimu, na wote wawili, pamoja na wateja wasiohusika, wakaona inchi nzima ikichungulia pembeni.

Mwalimu hakusema kitu. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha kadibodi kilichochakaa kona, kile anachokitumia kuchorea viraka. Akakipima. Inchi saba. Miaka yote alikuwa akichora kwa kadibodi hiyo bila kuipima, na alipokaa kuandika karatasi aliandika kipimo anachokiona kwenye blanketi lililokwisha. Sita.

Kwa muda alionekana kama mtu anayetafuta wa kumkasirikia. Kisha akawaambia wateja wasubiri, akavuta kiti, akamwambia mwanafunzi akae na amweleze kila mahali alipokwama, kuanzia mwanzo. Mwanafunzi alitaja sehemu nne. Karatasi haikusema mshono ulazwe upande gani wakati wa kupiga pasi. Haikusema kama kuna tofauti ya juu na chini kwa kitenge chenye maua. Haikutaja idadi ya vipande kwa kila rangi, alibuni mwenyewe. Na hiyo ya inchi.

“Hiyo ya inchi ungeisema kwanza,” mwalimu alimwambia.

“Niliogopa.”

Ukanda ulishonwa hata hivyo, kwa sababu blanketi hilo lilikuwa na safari. Pande tatu ni kitenge. Upande wa nne ulitoka kwenye shuka jekundu la zamani la bibi yake, ambaye nyumbani wanamwita koko. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Kifuani, si kitandani

Mwanafunzi alilipeleka blanketi hospitalini akiwa na fahari ya mtu aliyeshinda jambo. Alimkuta mdogo wake amekaa nusu ameegemea, gauni limefunguliwa mbele, mtoto amelala kifuani kwake kama chura mdogo, kavaa nepi, kofia na soksi tu, kafungwa kwa kanga. Dada akanyoosha blanketi. Muuguzi akalisifia, akagusa mshono, kisha akauliza litatumikaje.

Swali lilikuwa la haki. Mtoto yule hakuwa na ratiba ya kuwekwa kitandani peke yake.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au na uzito chini ya kilo 2.5, hupoteza joto haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini yake ni kidogo, na ukubwa wa mwili wake ukilinganisha na uzito humfanya apoe kama chai kwenye sahani. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, hutumia nguvu zake zote kujipasha, anakosa nguvu ya kunyonya, sukari ya mwili hushuka, kupumua kunakuwa kwa shida. Baridi peke yake inaweza kumuua, na mara nyingi hufanya hivyo kimyakimya, mtoto akionekana tu amelala sana.

Blanketi halitengenezi joto. Linazuia lililopo lisitoke. Mtoto asiye na joto la kutosha ukimfunika kwa mablanketi matatu umemfunika na ubaridi wake. Anachohitaji ni chanzo cha joto, na chanzo kilicho karibu kuliko vyote ni kifua cha mama.

Huduma hiyo inaitwa kangaroo, kwa jina la mnyama wa Australia anayemlea mwanawe kwenye mfuko wa tumboni. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Kwa muda mrefu ilionekana ni suluhisho la wasio na vifaa. Kisha ukaja utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na kuchapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za nchi tano, Tanzania, Ghana, India, Malawi na Nigeria, kwa watoto wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Watoto walioanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 25 kuliko wale waliosubiri hali itulie kwanza. Novemba 2022 WHO ikabadilisha mwongozo wake: mtoto njiti au mwenye uzito mdogo aanze ngozi kwa ngozi mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kama hawezi kupumua mwenyewe au yuko katika hali mbaya inayohitaji huduma nyingine kwanza.

Saa 24 si maneno ya kupamba. Mama analala hivyo, anakula hivyo, anatembea korido hivyo. Akichoka, baba anavua shati, au shangazi, au bibi. Mtu mzima yeyote mwenye afya na kifua safi anafaa. Wanaume wa huku wamezoea kukaa mbali na mambo ya mtoto mchanga, lakini wapo wanaokubali wakishaelezwa kwamba kazi yao ni kuwa jiko.

Kwa hiyo mraba wa inchi 36 haukuwa na kazi kwa wiki hizo. Ulitosha kumfunga mtoto, haukutosha kuwazunguka wawili. Kanga ilikuwa ikimshikilia mtoto vizuri, ila mgongo na mabega ya mama vilikuwa wazi, na wodi alfajiri ni baridi.

Mwanafunzi alirudi nyumbani bila kukasirika, jambo lililomshangaza mwenyewe. Akapanga vipande vya kadibodi sakafuni. Sita kwa sita ni 36. Lakini nne kwa tisa pia ni 36. Vipande vilevile, idadi ileile, kitambaa kilekile, ila badala ya mraba unapata shuka refu la inchi 24 kwa 54, la kumzunguka mama chini ya mabega na mtoto akiwa ndani. Kwa sentimita ni kama 61 kwa 137. Linafungwa pembeni kama mgolole, juu ya kanga inayomshikilia mtoto, si badala yake.

Safari hii alipomfuata mwalimu hakuanza kwa kuomba msamaha.

Shanga za koko

Kulikuwa na jambo jingine, gumu kuliko inchi. Koko alipoliona blanketi lenye ukanda wa shuka lake alifurahi, akataka kulimalizia. Shanga kwenye kona nne, nyeupe na bluu, kama alivyowahi kushona kwenye ngozi za kubebea watoto enzi zake. Kwake kitu cha mtoto kisicho na shanga hakijakamilika. Ni kama mtoto hakupokelewa.

Muuguzi alikuwa ameshasema: chochote kinachoweza kung'oka kisishonwe kwenye kitu cha mtoto. Uzi hukatika, shanga huanguka, na mtoto anayeanza kushika vitu hupeleka kila kitu mdomoni. Shanga moja inatosha kuziba njia ya hewa. Vivyo hivyo vifungo, na kamba ndefu zinazoweza kuzunguka shingo.

Ukimwambia bibi wa miaka 70 na zaidi kwamba shanga zake ni hatari, unamwambia pia kwamba alilea watoto wake saba kimakosa. Mwanafunzi hakulisema hivyo. Alikwenda na kipande cha kitenge kilichobaki, akamwambia kadi ya kliniki ya mtoto inalowa kila wakivuka mto na imeanza kuchanika, naye angependa ishonewe mfuko mzuri. Koko alimwangalia kwa muda mrefu. Alielewa. Wazee huelewa kuliko tunavyodhani. Akaukubali mfuko, akaujaza shanga mbele na nyuma mpaka kadi ikawa inaingia kwa kusukumwa.

Hakuacha kunung'unika kuhusu kona zile nne, na bado ananung'unika.

Mtoto alikaa hospitalini hadi alipokuwa ananyonya vizuri na kuongezeka uzito kila siku, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa bado wa kifuani. Kangaroo haiishii getini. Inaendelea nyumbani hadi mtoto akaribie kilo 2.5, au aanze mwenyewe kuikataa kwa kurusha miguu na kulia kila akifungwa. Mama alipewa tarehe ya kurudi kliniki na mambo ya kuangalia: mtoto kugoma kunyonya au kunyonya kivivu kuliko jana, kupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kubonyea ndani, degedege, joto kali, au mwili kuwa wa baridi. Namna rahisi ya kupima bila kipimajoto ni mgongo wa kiganja: gusa tumbo, kisha gusa nyayo. Tumbo la joto na nyayo za baridi, mtoto anaanza kupoa, mrudishe kifuani. Vyote vikiwa baridi, mpeleke kituo cha afya akiwa kifuani njia nzima, usimfunge peke yake mgongoni wala kwenye kikapu.

Nyumbani kulikuwa na mazungumzo mengine kuhusu moto. Wengi hupenda kumpasha mtoto kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo humuua mtu mzima usingizini, achilia mbali mtoto wa kilo mbili. Moshi wa kuni nao humletea maradhi ya kifua. Jiko likae nje au penye hewa inayopita. Na blanketi, wakati wake ukifika wa kulala kando ya mama, linaishia kifuani kwa mtoto, mikono juu yake, halifiki usoni, naye analazwa chali.

Jumamosi ya kukata ilisogezwa mbele kwa wiki moja. Karatasi mpya ina kurasa mbili sasa. Ya kwanza ni ya shuka refu la kifuani, ya pili ni ya mraba, na kila mahali palipokuwa na sita pamefutwa kwa mstari mmoja, hapakuchanwa, saba imeandikwa juu yake. Mwalimu alisema angeweza kuinakili upya ikawa safi, lakini hakuinakili. Mwanamke aliyeuza kuku alikata vipande vyake vyote 36 bila kupoteza hata kimoja, akabakiza kitambaa cha kutosha kofia.

Mwanafunzi anashona bado kwa taabu. Wiki iliyopita alikata koti la mtoto wake likawa na mikono miwili ya kulia. Mwalimu aliliangalia, akacheka hadi akakaa chini, kisha akafungua droo na kutoa karatasi nyingine iliyokunjwa, ya sweta la kitambaa kizito kwa mtoto wa mwaka mmoja. Akamwambia asimpe mtu yeyote kabla hajaijaribu.

“Na hii umepima kadibodi?” mwanafunzi aliuliza.

Mwalimu akaichukua tena, akaenda kutafuta futikamba.